Bia Isiyojua Kukataa

3 Oktoba

Leo Yahya kaniletea daftari. Yahya ni wakala wa bia, mtu wa Kivinje, na gari lake linapita hapa Nangurukuru kila Alhamisi. Kampuni yao imetoa bia mpya ya bei ya chini, inaitwa Kusi. Wanataka sisi wenye vilabu vya barabarani tuionje msimu mzima wa korosho na kuandika ilivyo: rangi, povu, harufu, uchungu, na kinachobaki mdomoni baada ya kumeza.

"Kwa nini usionje mwenyewe?" nikamuuliza.

"Mama Antonia, mimi bia naibeba tu, sijawahi hata kuilamba. Mabosi wakiniuliza ladha nitawaambia nini? Uzito wa kreti?"

Nimekubali. Sikumwambia kwamba tangu Juni ulimi wangu hautofautishi chai na maji ya kusuuzia vikombe. Kurasa za mbele nitaijazia kampuni. Hizi za nyuma ni zangu mimi, Genoveva.

5 Oktoba

Kusi, chupa ya kwanza. Nimefuata maagizo: tazama, nusa, ishike mdomoni, meza, subiri. Yahya anasisitiza kumeza, eti bia ukiitema hujaionja, uchungu wake unakaa kooni. Anayesema hivyo ni mtu ambaye hajawahi kuigusa.

Mbele nimeandika: Rangi ya majani makavu ya mahindi. Povu linapanda haraka na kuondoka haraka, kama mgeni aliyesikia kwamba leo hakupikwi. Harufu hafifu. Uchungu kidogo. Kinachobaki: hakuna.

Nilisubiri dakika tano nzima hicho kinachobaki. Hakikuja.

7 Oktoba

Kusi. Ile ile.

8 Oktoba

Ile ile. Joto.

10 Oktoba

Niandike mara moja nisirudie tena.

Mume wangu Cletus aliumwa na nyoka tarehe 19 Juni, shambani kwao milimani, mbele ya Kipatimu, alikokwenda kupulizia mikorosho. Alikuwa peke yake. Alinipigia simu saa kumi kasoro. Nilikuwa na wateja wanne mezani na kifungulio mkononi. Nikaona jina lake kwenye kioo, nikajisemea atapiga tena. Hakupiga tena. Jioni ndipo kaka yake, Leonard, alipomkuta.

Habari ya simu hiyo sijamwambia mtu. Simu ya Cletus ilibaki kwa Leonard na sijui kama aliwahi kuikagua. Kwenye mazishi sikulia. Si kwamba nilijikaza. Niliyatafuta machozi sikuyapata. Wanawake wa kwao waliniangalia, halafu wakaangaliana wenyewe kwa wenyewe. Mimi ni mtu wa Mingoyo, nimeolewa tu huku, na mke wa kuja asiyelia anazungumzwa. Huu ni mwezi wa nne navaa kaniki, na wala sioni tofauti yake na gauni lolote.

12 Oktoba

Wateja wengi, korosho zimeanza kutoka. Nimewauliza kuhusu Kusi. Mmoja amesema inateremka vizuri. Mwingine amesema uraka, pombe ya mabibo, unampa maumivu ya kichwa lakini angalau anajua amekunywa kitu. Wa tatu alishafika chupa ya tano na hakuwa na maoni. Nimemwandika huyo wa tatu.

17 Oktoba

Yahya amelipitia daftari kasimama, huku akijipepea na karatasi za risiti.

"Mama Antonia, umeandika 'ile ile' mara sita."

"Ndiyo ladha yake."

"Ongeza neno basi. Mabosi wanapenda maneno."

Nikaongeza: Ile ile kabisa.

Kabla hajaondoka nilifungua chupa moja kutoka kreti aliyoishusha, nikainusa, nikamrudishia. "Hii imekaa juani. Inanuka soksi."

Alinitolea macho. Kweli kreti hiyo ilishinda siku mbili juu ya gari bila turubai. Akaibeba na kuirudisha garini bila ubishi.

Hiyo ni harufu ya kwanza kuisikia tangu Juni. Nilitegemea ningefurahi. Sikufurahi, ila gari lilipoondoka niliokota kizibo chake nikakinusa tena.

20 Oktoba

Wifi yangu Brigita, dada yake Cletus, amepiga simu. Tanga linataka kumalizwa kabla ya mvua.

Kwa ukoo wao mjane havuliwi weusi kwa maneno matupu. Dada wa marehemu anapika pombe ya mtama. Baba mdogo wa marehemu, Mzee Benedikto, anaionja mbele ya watu. Ikiwa imeumuka vizuri, basi marehemu ameridhika: mjane anakunywa kibuyu cha mwisho, anavuliwa kaniki, anabaki mke wa ukoo. Ikigoma, wanapika nyingine. Ikigoma mara tatu, basi marehemu amemkataa mkewe kwa sababu anayoijua yeye, na mjane anarudishwa kwao akiwa na weusi wake. Hawampigi wala hawamtukani. Wanaacha tu kulitaja jina lake. Na binti yangu Antonia, aliyeko chuoni Mtwara, atakuwa mtoto wa mwanamke aliyekataliwa na maiti.

Ni Wakatoliki wa kila Jumapili, watu hawa. Padri anaijua mila hiyo vizuri na siku ya pombe huwa anapata safari.

"Usiwe na wasiwasi, wifi," Brigita akaniambia. "Mkono wangu haujawahi kukosea pombe."

Nimejichunguza kama nina wasiwasi. Sina. Najua tu kwamba ipo sababu ya kugoma.

26 Oktoba

Imegoma. Brigita analia kwenye simu. Anasema ililala pale siku zote, haikupanda, haikutoa hata tone la povu, na Mzee Benedikto aliinusa tu akairudisha.

Kusi: ile ile.

28 Oktoba

Ile ile.

2 Novemba

Leo ni siku ya kuwaombea marehemu. Nilikwenda misa, nikawasha mshumaa, nikautazama ukiisha.

Mchana Leonard ameteremka kutoka milimani. Nilimpa Kusi. Alikunywa nusu chupa kwa mkupuo bila hata kuitazama.

"Shemeji, marehemu ana neno," akasema.

"Neno gani?"

"Wewe ndiye uliyelala naye miaka ishirini na mbili. Mimi nitajuaje? Ila kama lipo, liseme kabla pombe haijasema."

Muda wote hakuniangalia. Alikuwa anaibandua karatasi ya chupa kwa ukucha, kipande kwa kipande, anavipanga vipande pembeni mwa meza. Nikajua ameshaikagua simu ya Cletus. Nikakaa namsubiri aitaje, hata nikazima redio ili asilazimike kupaza sauti. Hakuitaja. Alimaliza kubandua, akaaga, akaacha bia nusu.

Kule milimani watu wananisema, na anayenisema zaidi ni Leonard. Brigita ndiye kanieleza.

5 Novemba

Mpaka leo nimeonja chupa kumi na nane za Kusi. Hakuna hata moja iliyokuwa na maoni juu yangu. Imetengenezwa na mashine ambazo hazikumjua Cletus. Ukiifungua Mingoyo, ukiifungua Masoko, ukiifungua msibani, inatoa povu lile lile na kulimaliza kwa muda ule ule. Nimeanza kuipenda kwa hilo.

Nimefikiri jambo. Jumamosi nitapanda milimani.

9 Novemba

Nilimkuta Mzee Benedikto kibarazani anapanga korosho kwa daraja. Nyuma yangu dereva wa bodaboda alikuwa anashusha kreti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini?"

Nikamweleza. Kwamba mtama wa mwaka huu labda haukukauka vizuri. Kwamba siku hizi watu wanaharakisha, wengine wanamaliza tanga kwa soda na bia na hakuna aliyeona kosa. Kwamba hii Kusi nimeionja mwezi mzima na ninaweza kuidhamini.

Hakucheka. Aliomba bakuli, akaimimina taratibu, akaitazama, akainusa, akaishika mdomoni, akameza, akangoja. Utaratibu ule ule wa Yahya, na sidhani kama mzee huyu amewahi kufundishwa na kampuni yoyote.

"Safi," akasema. "Haina kosa."

"Basi tuitumie, baba."

"Ukimpa mtu aliyemuua mumewe, itatoa povu?"

"Itatoa."

"Na asiye na hatia?"

"Itatoa."

"Sasa ikikukubali, utakuwa umekubaliwa na nani?"

Alimaliza bakuli lake, akaniomba kreti niiache. Kwa kiu, akasema, ni nzuri sana.

14 Novemba

Yahya hakupita. Joto limezidi, mawingu yanajikusanya mchana na kutawanyika jioni.

16 Novemba

Imegoma tena, na safari hii nilikuwepo.

Tulikuwa watu kama thelathini uani kwa Brigita. Mzee Benedikto alichota kwa kata, akaitazama, akatikisa kichwa, akampa Leonard. Leonard akaonja, akatema pembeni. Kina mama walianza kukusanya kanga zao kama watu wanaotaka kuwahi mvua.

Nikafanya jambo ambalo mjane hafanyi. Niliichukua kata mkononi mwa Leonard. Sikuwa na ujasiri wowote. Nadhani ni mazoea ya daftari. Nikatazama: maji ya kijivu, hakuna povu. Nikanusa.

Nilinusa shati la Cletus.

Shati lenyewe, la wakati wa kupulizia, jasho na ile harufu ya moto uliozimwa ambayo nilikuwa naifua kwa maji matatu na haitoki. Niliamini. Niliamini kabisa kwamba yumo humo ndani, amekuja mwenyewe kusema alilonalo. Nikaiweka kata chini, nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, nikawa nanusa vidole vyangu.

"Haya, sema," nikamwambia kwa sauti.

Na nilifurahi. Naiandika hivyo hivyo bila kuipamba. Miezi mitano sijasikia baridi wala joto, na leo nilifurahi kwamba mume wangu amekuja, hata kama amekuja kunishitaki.

Nimekaa hapo muda mrefu kabla sijaliona pipa. Lilikuwa mbele ya macho yangu, limeegemezwa ukutani, pipa la plastiki la bluu, bado lina masalia ya pombe. Nikaingiza kichwa. Harufu ilikuwa humo. Chini kabisa, kwenye kona ambako mkono haufiki, kulikuwa na mstari wa unga wa njano. Nilijua ni nini. Kila mwaka Cletus aliimimina salfa, unga wa kupulizia mikorosho, kwenye mapipa ili isishike unyevu stoo.

Nikamwita Brigita.

"Wifi, hili pipa umelitoa wapi?"

"Stoo kwa kaka. Mitungi yangu miwili ilipasuka masika. Nimelisugua kwa sabuni ya unga, nikalisugua kwa majivu, mara tatu!"

"Alikuwa anawekea salfa. Ndiyo inayozuia pombe isiumuke."

Akashika mdomo kwa mikono yote miwili. "Mungu wangu. Mzee ameonja."

"Ya kwanza aliinusa tu, ya leo hakuifikisha hata mdomoni. Leonard ametema. Hakuna aliyemeza."

"Watasema nilitaka kuwaua. Au watasema nilikuwa nakufukuza wewe."

"Ulikuwa unanifukuza?"

"Wifi!"

Namwamini. Ameniomba aseme mwenyewe, nimemwachia.

18 Novemba

Amesema. Mzee Benedikto, nimeambiwa, alicheka mpaka akakohoa, halafu akaagiza pipa litobolewe mahali kumi asije mtu akalitumia tena. Hizo mbili hazihesabiwi. Brigita ataazima mitungi ya udongo na kuanza upya.

Kina mama wa milimani wamenipigia simu leo, sita mmoja baada ya mwingine. Pole mama Antonia. Sisi tulijua tu. Nimewashukuru wote.

21 Novemba

Kusi. Ile ile. Yahya ameleta swali kutoka kwa mabosi: je, ungempendekezea rafiki? Nikamuuliza rafiki yupi. Akaandika ndiyo.

24 Novemba

Kila mtu ananipongeza kwa kuwa na pua kali. Ningetegemea leo nilale usingizi mzuri.

Ukweli ni kwamba tangu pipa litobolewe nimekuwa vibaya zaidi. Nilikuwa nimeanza kuitegemea ile pombe. Nilijua itagoma mara ya tatu, watanirudisha Mingoyo, na jambo litakuwa limesemwa na mtu mwingine si mimi. Sasa itaumuka. Kwa mitungi ya udongo, mkono wa Brigita na mtama mzuri, itaumuka vizuri kabisa, na nitavuliwa kaniki mbele ya watu nikiwa bado nimeikalia simu ile. Mimi ndiye niliyewapa njia ya kunisafisha. Ningenyamaza ningekuwa nimeshahukumiwa na kumaliza.

Nimeonja Kusi mbili leo, moja ya kampuni na moja yangu. Hazikunisaidia.

30 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati linavuja pale pale pa mwaka jana, ambapo Cletus alisema ataziba.

5 Desemba

Yahya amechana kurasa za mbele na kuondoka nazo. "Umeisifu au umeiponda?" akaniuliza.

"Nimeandika haina kosa."

"Hapo safi," akasema, akapiga honi.

7 Desemba

Imeumuka.

Nilipofika asubuhi niliisikia kabla sijaiona, inachemka polepole kwenye mitungi mitatu, povu limemwagika mpaka kwenye kata. Mzee Benedikto alichota, akatazama, akanusa, akaishika mdomoni, akameza. Watu wote tukasubiri naye.

"Imeiva," akasema. "Amekubali."

Vigelegele vikapanda. Brigita akanijazia kibuyu cha mwisho, akanipa, akaenda kusimama nyuma yangu kushika fundo la kaniki. Kibuyu hicho ni cha mjane peke yake, haruhusiwi mwingine hata kukionja. Nikakitazama. Povu zito, rangi ya udongo wa hapa. Nikakinusa: mtama na moshi, basi. Hakuna shati, hakuna mtu. Nikakifikisha mdomoni na mdomo ukakataa kufunguka.

"Alinipigia simu," nikasema.

Vigelegele vilinimeza. Nikarudia kwa nguvu mpaka wa mbele wakanyamaza na kuwanyamazisha wa nyuma.

"Siku ile alinipigia. Nililiona jina lake. Nilikuwa namfungulia mteja bia, nikaiacha iite mpaka ikakatika. Nikasema atapiga tena."

Vidole vya Brigita vikasimama shingoni kwangu. Nilikuwa nalia, na sikujua nimeanza saa ngapi. Nikamwangalia Mzee Benedikto, kwa sababu kuhukumu ni kazi yake. Naye alikuwa ameinamia kata yake.

Aliyesimama ni Leonard.

"Alinipigia mimi kwanza," akasema. "Dakika sita kabla yako, shemeji. Nilikuwa shamba la bondeni, hata angepiga kelele ningemsikia. Nikajua anataka nikamsaidie kubeba mashine. Nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea kupalilia. Nilipomkuta nilishika simu yake kabla sijamshika yeye. Nikalifuta jina langu. Halafu nikalifuta na lako."

"Langu kwa nini?"

"Wangekuuliza wewe kwa nini hukupokea, halafu na mimi wangeniuliza nilikuwa wapi."

Mama yangu mzazi angekuwapo angesema pale ndipo nilipopaswa kumrukia. Miezi sita mtu huyu amenisema kila kibaraza. Nilimtazama na nikaona amevaa shati lililopigwa pasi kwa ajili ya siku yangu, amesimama peke yake, maana waliokuwa wamekaa naye benchi moja walishasogea.

Brigita akalifungua fundo. Kaniki ikaniteleza mabegani na upepo wa mvua ukanipiga, nikasikia baridi.

"Kunywa, mwanangu," Mzee Benedikto akasema.

Nikanywa. Ilikuwa chachu na ilinichoma koo lote. Nilipofika nusu nikasimama, nikavuka ua, nikampa Leonard iliyobaki. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, na hakuna aliyetuzuia.